Naomba ushauri: kumfikisha mzee kwenye mkunjo wa miamba wa Rainbow Basin

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Moshi, na mwakani ninatarajia kwenda California pamoja na baba, anayetembea kwa fimbo, ambaye ndiye aliyenifundisha kuyatazama mawe kwa makini. Ningependa sana afike Rainbow Basin, kaskazini ya mji wa Barstow katika jangwa la Mojave, ambako tabaka za mchanga, matope na majivu ya volkano zilizotuama ziwani zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita zilibanwa na nguvu za ardhi hadi zikajikunja kuelekea chini kama bakuli. Rangi zake ni nyekundu, kijani na kahawia, na ndani yake yamepatikana mabaki ya farasi na ngamia wa kale. Sisi tuliokulia chini ya Kilimanjaro tumezoea mawe ya volkano na nyufa za Bonde la Ufa. Mkunjo ulio wazi namna hiyo hatuuoni karibu.

Barabara inayozunguka eneo hilo ni ya vumbi, nyembamba na ya kwenda upande mmoja tu. Je, gari dogo la kukodi linapita bila kugusa chini, na mzee anaweza kuuona mkunjo vizuri akiwa kando ya barabara, bila kushuka makorongoni? Kwa kuwa kiangazi cha huko ni kikali mno, ninafikiria mwezi wa Machi. Waliofika naomba mnieleze.