Tangu kocha aanze kunirekodi video naboli vibaya kuliko mwanzo, niendelee au niache?

SpidiYaUpanga
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa wanaojua kriketi hasa waliowahi kuboli spidi, yaani kumrushia mpigaji mpira kwa kasi. Nina miaka 23, nipo Dar, nacheza ligi ya wikiendi, naboli mkono wa kulia, spidi ya kati tu siyo ile ya kutisha ila mpira ukiwa mpya unatembea vizuri kwenda nje. Tatizo langu la miaka yote ni noboli, yaani mguu unavuka mstari wa kurushia na mpira unahesabiwa haramu. Mwezi uliopita nilitoa noboli sita ndani ya ova nne (ova moja ni mipira sita) na moja wapo nilikuwa nimeshamtoa mtu, stampu ya katikati (kile kijiti nyuma ya mpigaji) imeng'oka kabisa, wenzangu wanakuja kunikumbatia, nageuka namkuta ampaya (mwamuzi) kanyoosha mkono, noboli. Halafu mpira uliofuata ni frihiti, yaani jamaa anapiga bila hofu ya kutolewa kirahisi, akapiga mikimbio (pointi) sita. Ile kitu inaniuma mpaka leo.

Sasa timu imepata kocha mpya, mtu mtaratibu sana na anajua. Anaweka simu kwenye stendi pembeni ya neti tunapofanyia mazoezi ananirekodi slomo (video ya mwendo wa taratibu), tukimaliza tunakaa kivulini tunaangalia pamoja. Siku ya kwanza nilifurahi kwa sababu sijawahi kujiona naboli. Akanionyesha goti la mguu wa mbele linalegea nikitua, kichwa kinaangukia kushoto, mkono wa kushoto unafunguka mapema, kifundo cha mkono kimelala, na mguu unavuka mstari. Akanitumia na video, nikaiangalia usiku mzima. Tangu siku hiyo nikianza kukimbia nafikiria goti, nafikiria kichwa, naangalia mstari chini, nikifika kwenye kuachia mpira hata sijui naulenga wapi. Waidi (mipira inayopita mbali mno na mpigaji) zimeongezeka na noboli zipo palepale, Jumamosi nimepigwa mikimbio 19 ova moja.

Niendelee na haya mambo ya video au nimwombe kocha aniache niboli kama zamani? Kocha namheshimu sana sitaki kumvunja moyo.

mzee_wa_neti
Kijana wangu pole, hiyo ya kung'oa stampu halafu noboli mimi pia imenipata na haisahauliki. Niko Nairobi, nilicheza klabu miaka mingi na siku hizi nafundisha vijana wadogo, na simu natumia kila wiki kwa hivyo nitakwambia vile naona.

Video haina shida. Shida ni mmeangalia vitu vitano siku moja. Mwili unaboli chini ya sekunde moja kutoka uruke mpaka uachie mpira, hapo hakuna mtu anaweza kufikiria vitu vitano, hata viwili ni vingi. Mimi kabla sijawasha simu namuuliza kijana leo tunatafuta nini, akitaja kitu kimoja tunarekodi hicho tu, akitaja viwili namwambia achague.

Sasa kwa noboli zako. Mmeweka simu pembeni ya mstari kwa sababu hapo ndipo kosa linaonekana, lakini hapo sipo kosa linapoanzia. Bola (anayeboli) akivuka mstari mara nyingi mbio zake zimeharibika kule nyuma, hatua mbili tatu za kwanza. Leo anaanza na mguu wa kushoto, kesho anatembea kidogo ndio aanze, akiwa na hasira anarefusha hatua, sasa sentimita chache kule mwanzo zikizidishwa mara hatua kumi na nne zinakuwa futi nzima huku mbele. Halafu wewe ukifika karibu unaona mstari unakuja unafupisha ama unarefusha hatua ya mwisho ukiangalia chini, na hapo ndio kichwa kinaanguka na waidi inatoka. Kwa hivyo hicho kichwa usikirekebishe, kitajirekebisha chenyewe ukijua mguu unatua wapi.

Mwambie kocha aende na simu kule unapoanzia kukimbia. Rekodi mipira 24, hiyo ni ova nne, usibadilishe chochote, boli tu. Halafu muangalie hatua tatu za kwanza za kila mpira na muandike kwa karatasi ile mipira ilikuwa noboli. Mtaona wenyewe.

Na mambo mawili ya simu. Weka fremu 240 kwa sekunde kama simu yako inaweza. Video ya kawaida ni 30, sasa mpira wa kilomita 120 kwa saa unasonga zaidi ya mita moja kati ya picha moja na nyingine, mkono utauona kama moshi. Kwa 240 ni kama sentimita 14. Na mkirekodi mstari, simu ikae sawasawa na mstari kabisa, si mbele kidogo si nyuma kidogo, la sivyo mguu ulio ndani utaonekana uko nje. Kumbuka pia sheria inataka sehemu yoyote ya mguu iwe nyuma ya mstari wakati unatua, kisigino tu kinatosha, vijana wengi wanajibana bure wakidhani mguu wote lazima uwe ndani.

Tangamano
Mi nadhani hizi simu zinatuharibia vijana. Aasif Karim wa Kenya, Kombe la Dunia 2003 kule Durban aliwabana Australia, ova nane na mipira miwili, mikimbio saba tu, wiketi tatu (katoa wapigaji watatu), hiyo spini yake ya kuzungusha mpira aliipata kwa kuboli na kuboli, si kwa kukaa chini ya mti kuangalia slomo. Boli mipira 100 kila siku dogo, utapona.

mzee_wa_neti
Ndugu yangu Tangamano ile mechi ya Karim niliitazama mwanzo mwisho na mpaka leo nikiikumbuka nasisimka. Lakini Karim alikuwa spina, bola wa polepole anayezungusha mpira, mbio zake hatua chache na mwili haugongi ardhi vile wa spidi unagonga. Ukimwambia bola wa spidi aboli 100 kila siku na goti linalegea utamzika.

MgongoWaArusha
Namuunga mkono mzee hapo juu kwa asilimia zote, na mimi nachangia kwa uchungu kwa sababu niliumia. Nikiwa na miaka 19 kocha mmoja alinibadilisha namna nzima ya kuboli akitumia video ya bola maarufu, alikuwa anaweka simu mbili pamoja anasema fanana na huyu. Mimi nilikuwa naboli kifua kikiangalia mbele, akanigeuza mabega yawe ya pembeni, ila kiuno changu kikabaki kinaangalia mbele vilevile. Yaani juu upande huu chini upande ule, kila mpira unajikamua kama nguo. Miezi mitano baadaye nikawa siwezi kuinama kufunga kamba za viatu, kupiga picha hospitali mfupa wa chini wa mgongo una ufa. Nilikaa nje mwaka mzima.

Na siyo mimi tu, James Anderson, bola wa spidi wa Uingereza, makocha walimbadilisha namna yake ya kuboli alipokuwa bado mdogo, 2006 akapata ufa mgongoni, akarudi kuboli alivyozaliwa akaja kupita wiketi 700 za Test (mechi ndefu za kimataifa). Dennis Lillee, bola wa spidi wa Australia, naye mgongo ulipasuka 1973 akarudi kwa kujijenga upya taratibu.

Kwa hiyo mkuu, kabla hujagusa mkono wa kushoto au goti, mwambie kocha arekodi mara moja akiwa nyuma yako, pale anaposimama ampaya, halafu msimamishe video mguu wa nyuma unapotua. Angalia mabega na kiuno. Vikiangalia upande mmoja, uwe wa mbele au wa pembeni, acheni hivyohivyo. Vikipishana sana hapo ndo pa kushughulikia na mwone na mtu wa fizio, siyo kocha peke yake. Ukihisi maumivu upande mmoja wa kiuno chini, upande wa pili wa mkono unaobolia, simama siku hiyohiyo. Nakuomba.

Dada_Legispini
Kaka pole, mi nacheza timu ya wanawake. Nataka kuongeza kitu kimoja ambacho hamjasema, mwambie kocha akurekodi na mipira yako mizuri. Video zote watu wanatuma ni za makosa, ukilala unaota makosa. Mimi nina video sita tu kwenye simu, zote ni mpira uliotua nilipotaka ukageuka, asubuhi ya mechi naangalia hizo basi.

Na mtu asije akakusimamishia video akasema unakunja kiwiko, yaani unatupa mpira badala ya kuboli. Mimi niliambiwa hivyo na mchezaji mwenzangu, nikalia wiki nzima nikataka kuacha. Sheria ya ICC (baraza la kriketi la dunia) inaruhusu kiwiko kinyooke mpaka nyuzi 15 na hiyo inapimwa maabara, kama ile ya Chuo Kikuu cha Pretoria, wanakubandika alama mkononi na kamera nyingi kila upande. Simu moja inaona upande mmoja, mkono ukizunguka tu unaonekana umepinda hata kama umenyooka.

SpidiYaUpanga
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nilimwonyesha kocha majibu yenu yote nikiwa na wasiwasi atakasirika, akasoma kimya mpaka mwisho akasema kesho tunarekodi mwanzo wa mbio.

Tumerekodi mipira 24. Noboli zilikuwa saba na kati ya hizo sita nilianza na mguu wa kulia baada ya kujivuta hatua moja ndogo ya kutembea ambayo sikujua kabisa kama naifanya. Mipira mizuri yote nilianza na wa kushoto nikiwa nimesimama. Kocha akanirudisha kwenye mstari nikakimbia kinyume kuelekea nyuma nimefumba macho, mara kumi, yeye anaweka alama kwa chokaa pale ninaporuka, tukachukua katikati ya alama tukapima na futikamba. Ni mita 16 na nusu. Nilikuwa naanzia mita 15 na kitu, yaani nilikuwa najibana miaka yote.

MgongoWaArusha tulirekodi na nyuma, mabega na kiuno vinaangalia upande mmoja, goti kocha amesema tutaliangalia msimu ukiisha. Jana mechi, ova nne, mikimbio 22, wiketi moja, noboli sifuri. Futikamba sasa inakaa kwenye begi langu.