Niko na mapasa, materneli imekubali mumoja, mwengine apana. Nifanye ginsi gani? (Bukavu)

mama_mapasa_kadutu
Yambo yenu bamama na bapapa. Niko na mapasa, msichana na kijana, biko na miaka ine. Balizaliwa na miezi saba, msichana alilia palepale, kijana hakulia mpaka banganga bamupompe hewa. Njo pale shida ilianzia. Munganga alisema ni IMC, ubongo ilikosa hewa wakati ya kuzaliwa, sasa miguu na mukono ya kuume inakaza, hatembei, na maneno yake mutu wa inje hawezi kuisikia. Lakini akili iko, mimi mama yake najua. Ukimuuliza sukari iko wapi anaangalia kopo, na kama umeificha anaangalia kule umeificha, kisha anacheka.

Basi nilienda kubaandikisha bote bawili ku masomo ya leta yenye iko na materneli, si mbali na kwetu. Direktrisi akaandika msichana. Akaona kijana ku mugongo yangu, akasema huyu umupeleke ku santre ya batoto ba vilema, sisi hatuna mwalimu wa ile kazi, na bazazi bengine batatosha batoto babo. Sikujibu kitu. Nilitelemuka na karatasi moja ku mukono na mvua inanyesha, nikalia njia yote.

Tangu ile siku msichana anafanya kelasi yake nyumbani. Anamukalisha ndugu yake ku kona, kati ya ukuta na mufuko ya maharagi, anamufunga kitenge ku kifua asianguke mbele, halafu anahesabu mawe: moja, mbili, ine. Akiruka tatu, kijana anatoa sauti yake ya kukatala, ile tunaijua sisi ba nyumbani, na yeye anaanza upya. Naangalia ile kintu kila asubui na roho inaniuma.

Papa yabo anasema tutafute santre, tuache kusumbuka. Si ju hamupendi, ni pesa. Kuko mutu mwenye mutoto wa vile aliingia materneli ya kawaida? Ilienda aje?

mwalimu_wa_watoto
Pole sana Mama Mapasa. Mimi nafundisha materneli miaka mingi sasa, na nilikuwa na mtoto wa IMC mu kelasi yangu, kwa hiyo nakuambia kitu nimeona na macho.

Ya kwanza ni kiti. Usianze na buku wala na mafuta ya kupakala, anza na kiti. Fundi mbao wa kwetu alitengeneza kiti chini, iko na ukuta mbili za pembeni, kambao kadogo katikati ya mapaja ili miguu isijifunge kama makasi, na kameza mbele. Miguu iguse chini kabisa, isiningʼinie. Tuliweka mousse tukafunika na kitenge. Mtoto mwenye nilizoea kuona mikono imekunjwa siku nzima, tulipomukalisha muzuri mikono ilifunguka, akashika kipande ya chaki. Kumbe nguvu yake yote ilikuwa inaishia mu kupambana asianguke!

Ya pili, karto. Nilichora picha ku karto: maji, choo, kuumwa, kucheza, njala. Anaangalia picha, mimi naelewa. Halafu mwaka ule nilikuwa na mtoto mwengine aliyetoka kijijini, alijua Mashi tu, Kiswahili hapana, alikuwa anajificha nyuma ya mlango. Siku ya tatu nikamkuta mbele ya ile karto, anaonyesha picha ya choo na kidole. Ile karto niliitengenezea mmoja, ikasaidia kelasi nzima.

Wenzake wiki ya kwanza waliuliza maswali yote, kwa nini anatoa mate, kwa nini hatembei, niliwajibu tu kweli. Kisha ikakuwa ni kugombana nani atamubebea kikombe. Shida ilitoka kwa wakubwa. Kulikuwa mama mbili walikuja kuniuliza kama ile mate inaambukiza, nikasema mbele ya wazazi wote mu reunio kwamba IMC haiambukize, hata kifafa haiambukize, hata kwa mate. Hakuna aliyetosha mtoto wake.

Sitakudanganya, ilinichokesha. Batoto wengi, mimi peke yangu, na choo ilikuwa na ngazi tatu, kila mara nilimubeba. Mwalimu akikuambia anaogopa, usimuone mubaya, muulize anaogopa nini hasa.

papa_bagira
Mama Mapasa, hapo direktrisi amekosea. Kongo iliingia mu mkataba ya Umoja wa Mataifa ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2015, na artikle 24 inasema wazi mtoto asifukuzwe mu masomo ya kawaida ju ya ulemavu wake. Tena kuko sheria yetu wenyewe nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda watu wenye ulemavu. Muombe direktrisi aandike ku karatasi kwamba amekatala na sababu gani. Mara nyingi mutu akisikia "andika" anaanza kufikiri upya. Akiandika, peleka ku sudivizio, ile ofisi ya leta yenye inasimamia masomo.

Ila ujue gratwite (masomo ya bure) yenye ilianza 2019 ni ya primeri, materneli haimo. Ya bawili utalipa, kwa hiyo papa yabo ana haki ya kuhesabu.

mama_ya_baraka
Mimi nitasema tofauti kidogo, dada, musinikasirikie. Wangu alikubaliwa ku masomo ya kawaida bila shida, nilifurahi sana. Mwaka nzima walimukalisha nyuma ya kelasi ku mukeka, na biskuti ku mukono. Siku nilifika bila kusema nikakuta batoto banaimba, yeye ameangalia ukuta. Alikuwa mu kelasi lakini hakuna mutu alikuwa anamufundisha. Nikamutosha.

Sisemi usimupeleke. Nasema uulize mbele: atakaa wapi? nani atamukulisha, na akiwa amekaa wima, ju akilala chakula inaingia njia ya hewa? nani atamupeleka choo? Na kine (mazoezi ya kunyoosha viungo) usiiache hata kidogo. Sisi tunaenda Heri Kwetu, santre ya batu benye ulemavu hapa Bukavu, pale banamunyoosha miguu na mimi banionyesha ya kufanya nyumbani. Materneli inaisha mapema, kine inaweza ingia mchana. Si lazima uchague moja.

jirani_nyawera
Mimi mtoto wangu haina ulemavu, na nasema ukweli, ningekuwa mu ile reunio ningeuliza kama mwalimu ataweza bote. Si ubaya, ni woga. Lakini nimesoma ile ya mawe na kuhesabu mara mbili. Huyu kijana akikaa karibu na wangu nitafurahi, wangu naye anarukaka tatu.

mama_mapasa_kadutu
Aksanti yenu bote, nimesomea papa yabo kila kitu ku sauti, akanyamaza sana, kisha akaenda yeye mwenyewe kuita fundi mbao. Siku ya kwanza ya wiki narudi kwa direktrisi, na bote bawili, na mawe yabo, nitamuomba dakika tano tu aangalie. Akikatala tena ndipo nitaomba ile karatasi. Mama ya Baraka, maswali yako nimeyaandika, siku ile nitayabeba.

Mwalimu, fundi anangojea vipimo. Nimemupima akiwa amelala: toka kiuno mpaka goti 27, toka goti mpaka kisigino 24. Kameza ifike kimo gani, ku tumbo ama ku kifua?

mwalimu_wa_watoto
Mupime tena akiwa amekaa, mgongo ku ukuta, magoti yamekunjwa, ndiyo vipimo vya kweli. Kameza ifike ku viwiko vyake, si juu zaidi, na fundi aikate duara mbele ili imuzunguke tumbo. Misumari ipigwe yote mpaka ndani, kitenge inapasuka haraka. Ukitoka kwa direktrisi utuandikie.