Eti "mashine ni nzima, rangi yako ndiyo mbovu"! Huyu wa leza leo nitamsema mpaka kuche

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji jina wala sina haja. Mkazi yeyote wa Dodoma mwenye simu ameshamwona: koti jeupe, meno yote nje, kila video anaita watu waje wang'ae. Huyo huyo.

Kaniambia, mbele ya benchi zima la wateja: "Kaka, mashine ni nzima. Rangi yako ndiyo mbovu."

Rangi yangu! Niliyozaliwa nayo, baba anayo, babu kazikwa nayo!

Mimi ni mpima ardhi. Nasimama juani tangu asubuhi, na jua la Dodoma halina ndugu. Mashavu yakashika madoa meusi, paji la uso nalo. Nikaambiwa leza inayafuta. Nikalipa laki tatu, tena kabla sijakaa kitini. Hakuniuliza nafanya kazi gani, napaka nini, hakujaribu hata kipande kidogo nyuma ya sikio aone ngozi inapokeaje. Kanipaka jeli ya baridi, kanivalisha miwani, kaanza kupiga. Namwambia inachoma, ananijibu "ndiyo inafanya kazi hiyo". Huyo akiachwa na ile mashine mwezi mmoja tu, Dodoma nzima itakuwa na viraka, mpaka mbuzi wa Chamwino!

Maganda yalipobanduka, madoa yapo palepale, na juu yake vipande vya pembe nne, vyeusi tii, vimepangwa mstari kama ubao wa drafti.

Leo nimerudi nimwonyeshe. Kanishika kidevu, kageuza uso wangu huku na huku wote waone, ndipo akasema. Rangi yako ndiyo mbovu. Dada wa mapokezi akacheka. Akacheka, wakuu! Na yeye ni mweusi kama mimi, na benchi zima ni weusi kama mimi! Bango la nje limeandikwa "ngozi zote". Alitegemea aje nani pale?

Rangi yako ndiyo mbovu. Mtu mzima, na wanangu wanasoma na wanawe.

Zabibu_Tamu: Nakaa siti ya mbele, karanga mkononi. Weka picha.

Bi_Tausi: Mwanaume mzima unapigwa leza ya mashavu? Laki tatu si ungenunua kofia za pama ukagawia kijiji?

Mleta uzi: Kofia navaa kila siku! Ninachosema ni ile kauli. Mbele ya watu!

Tabibu_wa_Ngozi: Pole sana mkuu. Mimi ni daktari wa ngozi, nilisomea KCMC Moshi. Hizo pembe nne ni alama ya kioo cha IPL, na IPL si leza. Ni taa kali yenye mawimbi mengi ya mwanga kwa pamoja. Inatafuta melanini, ule weusi wa ngozi, iupashe moto. Mzungu mwenye doa la jua, melanini imejaa kwenye doa. Kwetu sisi imetanda ngozi nzima, kwa hiyo taa inaunguza na pasipo na doa, na ngozi nyeusi ikiungua inajibu kwa kutoa weusi zaidi. Leza yenye unafuu kwetu ni Nd:YAG ya nanomita 1064, maana inazama chini na melanini hainyonyi sana mwanga wake. Hata hiyo ni kwa nguvu ndogo, na baada ya kujaribu sehemu moja kwanza. Na kama madoa yameshika mashavu yote mawili na paji, huenda ni melasma, yale madoa meusi ya usoni ambayo jua huyazidisha. Hiyo hata leza nzuri inaweza kuichochea. Anza na losheni ya kukinga jua yenye rangi, ile iliyotiwa oksidi ya chuma. Alama za kuungua nyingi hufifia, ila ni kazi ya miezi. Mkorogo usiguse.

Mleta uzi: Kwa hiyo hata leza HAIKUWA LEZA? Laki tatu ya taa! Halafu rangi yangu ndiyo mbovu!

Babu_Nala: Daktari umegusa mkorogo. Shemeji yangu ana kikopo hakina hata lebo, ukimuuliza anakwambia ni karoti tupu. Uso mweupe, vidole vyeusi. Zebaki ya kwenye mikorogo itatumalizia watu jamani.

Bi_Tausi: Afadhali huyo wa leza. Mimi msusi kanivuta nywele mpaka nyusi zikahamia utosini. Nikalia, akasema kichwa changu ndicho kigumu.

Fundi_Cheche: Hao wote lao moja. Kuna fundi simu nilimpelekea simu ina kamera, kanirudishia ina tundu. Eti nilikuja nayo hivyo.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kanishika KIDEVU mbele ya benchi zima!

Zabibu_Tamu: Cheche, huyo fundi si yule mwenye redio kubwa, kila ukifika anakula? Mimi kaninyofolea betri.

Fundi_Cheche: Ndiye! Fungua uzi wake, nakuja na risiti.