Harufu ya petroli ndani ya nyumba, naomba ushauri

Hamjambo ndugu zangu. Tumepanga nyumba ya chini hapa Nakuru, kwenye ploti iliyokuwa kituo cha mafuta. Matangi ya zamani bado yamo ardhini. Usiku tukifunga madirisha, harufu ya petroli hupanda kupitia nyufa za sakafu. Mwanangu wa miaka 4 huamka akilia kichwa na kichefuchefu, lakini akilala kwa nyanya yake Njoro anaamka mzima kabisa. Hilo ndilo linaninyima usingizi, maana petroli ina kemikali iitwayo benzini, nayo huweza kuleta saratani ya damu. Mwenye nyumba anasema nipake rangi tu! Nianzie NEMA (mamlaka ya mazingira) au kwa afisa wa afya ya umma? Kuziba nyufa kunatosha, ama tuhame sasa hivi?