Waliofuga sungura na simbilisi tupeane uzoefu: mmoja anakaa peke yake?

BintiFuoni
Assalaam alaykum jamani. Juzi usiku nimeamka kunywa maji, nikasikia kra kra kra uwani. Nikadhani panya. Kumbe sungura wa mwanangu anatafuna wavu wa tundu lake. Nikammulika na simu: kajikunyata pembeni, chuma mdomoni, hata mwanga haukumshtua. Na tundu lenyewe, nisiwafiche, ni kreti mbili za soda zilizofungwa waya. Akitaka kusimama kwa miguu ya nyuma masikio yanagonga juu.

Nikamkumbuka marehemu bibi, Makunduchi. Sungura wake walikuwa wakijichimbia wenyewe mashimo nyuma ya jiko, jua likikaza wanalala wamebebana kama mikate ya mofa. Sijapatapo kumuona hata mmoja anatafuna chuma.

Sasa baba watoto anataka kumletea simbilisi awe mwenzake, maana muuzaji kamwambia hao ni ndugu. Kweli? Nyinyi wenzangu mliwaweka vipi?

Mchuuzi wa Ng'ambo
Ile kra kra naijua mie. Saa nane za usiku. Usinikumbushe.

Ghorofa ya Tano
Bi Fuoni, kabla ya kuongeza mwenzake nisikilize mie.

Tunakaa Michenzani, na mtu wa ghorofani uwani kwake ni kibaraza cha kuanikia nguo. Nikanunua wawili, muuzaji kaapa kwa jina la Mola wote majike. Wakiwa wadogo chini ya miezi miwili kuwatambua ni kazi hata kwa mzoefu, lakini mie nilijuaje? Siku moja namuona mmoja anabeba nyasi mdomoni kama mtu anayehama nyumba, kisha anajinyonyoa manyoya ya kifua. Mama mkwe akasema huyo ana upele, tumpake mafuta ya nazi. Tukampaka! Asubuhi yake watoto 7, vijinyama tu, macho yamefumba.

Tukafurahi. Mwanangu akawapa majina ya masheha. Wa kututanabahisha kumtoa dume hakuwepo. Sungura jike hasubiri mwezi wala nyota, akipandwa ndipo yai linashuka, na anaweza kushika mimba siku ileile aliyozaa. Baada ya siku 31, watoto 6 wengine. Hesabu mwenyewe. Miezi minne ikipita wale vijana wa kwanza nao wakaanza kuumana, na madume wakiumana hawachagui pa kung'ata, wanalenga palepale mnapopajua.

Sakafu ya tundu niliweka wavu mtupu ili mavi yadondoke, nikajiona mjanja. Ukawakata nyayo, zikafanya vidonda. Na mkojo ulikuwa unadondoka pia. Jirani wa chini akaanika kanzu yake ya Ijumaa. Sina zaidi la kusema.

Mchuuzi wa Ng'ambo
Kanzu ya Ijumaa! Nimecheka mpaka mke wangu ananiuliza nachat na nani.

Mwana wa Jang'ombe
Simbilisi ndiyo nini? Pimbi?

Fundi Redio
Siyo pimbi. Pimbi anakaa majabalini, mnyama mwengine kabisa. Simbilisi ni yule mdogo asiye na mkia, mviringo kama kiazi. Asili yake milima ya Amerika Kusini. Mie nilifanya kazi Iringa miaka mitatu, kule wanawaachia jikoni, wanakimbiakimbia chini ya meza wakipiga mluzi wakisikia mtu anachambua mchicha. Na huwakuti mmoja, ni kundi. Mgeni akija, mmoja anapungua.

Mwana wa Jang'ombe
Wanamla?!

Ustadh Mdogo
Kizungu chake, guinea pig, kina neno nguruwe ndani. Jamani tuwe na hadhari na tunavyoingiza majumbani.

Fundi Redio
Sheikh, jina tu hilo. Mnyama ni jamii ya panya, nguruwe hana hata ujamaa naye wa mbali.

Ustadh Mdogo
Nimesema hadhari, sijasema haramu. Sungura sina tatizo naye, hadithi ya Anas iko wazi, alichinjwa, kisha Mtume (S.A.W.) akapelekewa paja akalipokea. Huyo kiazi chako ndio namtafutia hukumu.

Zamzam
Ndugu zetu Maithnaasheri hata sungura hawali, kwa hivyo msifunge mjadala kwa niaba ya wote. Na dada hakuuliza mapishi!

Mpemba wa Ole
Nimesoma nikanyamaza, lakini hiyo kreti ya soda imenigusa.

Ilikuwa masika. Nilikuwa nao 11, banda la mabanzi chini ya mkarafuu, nimelipandisha juu ya nguzo nne kwa kumuogopa ngawa. Wavu mzito, kufuli. Watu wakija nawaonesha lile kufuli.

Mvua ikakatika kama saa saba za usiku. Nikasikia du. Du. Du. Sungura akiogopa hupiga mguu wa nyuma chini, anawaambia wenzake kimbieni. Nikajisemea ni ngawa, atazunguka atachoka, wavu wangu haupiti. Nikageuka upande wa pili. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo, maana wale walikuwa wananiambia mimi, wao kwa wao wangekimbilia wapi na ufunguo uko chini ya mto wangu?

Kisha mmoja akalia. Mshawahi kumsikia sungura akilia? Karibu hana sauti maisha yake yote, kisha siku ya mwisho analia kama mtoto mchanga. Mke wangu akamrukia mtoto wetu kitandani. Nikatoka na tochi, peku, ujinga wa pili. Nguzo zote nne nyeusi, na weusi unatembea. Siafu. Wamepanda kama maji yanayopanda juu badala ya kushuka. Ngawa nilimuwekea nguzo, kumbe siafu nimewajengea ngazi.

Ufunguo ukaniponyoka ukaanguka mulemule. Nikalivunja banda kwa panga, nikawatoa mmoja mmoja nikiwatia kwenye ndoo ya maji, siafu wanang'ang'ania puani na machoni. Wale wachanga waliokuwa kiotani sitosema. Nikatoa wanne wazima. Alfajiri akabaki mmoja, jike. Mke wangu akamwita Baki. Mie miguu ilivimba siku tatu, na sikumwambia mtu inaniuma.

BintiFuoni
Inna lillahi. Nimemtoa wangu uwani sasa hivi nimemleta jikoni, mikono inanitetemeka.

Ghorofa ya Tano
Pole sana ami. Najionea haya na hadithi yangu ya kanzu.

Mzee wa Bububu
Ungezungushia majivu ya moto. Sisi wazee wetu siku zote majivu.

Mpemba wa Ole
Majivu na masika ya Pemba, mzee wangu? Dakika tano ni tope. Sasa kila mguu wa banda umesimama ndani ya kopo la maziwa lenye oili chafu. Na matawi yote yanayogusa paa nimeyakata, maana wanapita juu pia.

Mzee wa Bububu
Oili chafu inaua miti.

Mpemba wa Ole
Iko ndani ya kopo, mzee.

Mzee wa Bububu
Kopo hutoboka.

Zamzam
Baki yupo? Alipona?

Mpemba wa Ole
Alipona mwili. Lakini alikaa pembeni ukutani, hali kitu. Daktari wa mifugo akanitisha: sungura asiyekula nusu siku tu ni wa kukimbizwa, utumbo wake ukisimama haurudi kirahisi. Tukamlisha ukoka kwa mkono. Tukampatia dume aliyehasiwa, na hata huyo tuliambiwa tumuweke mbali wiki sita, mbegu za zamani zisije zikafanya kazi.

Na hatukuwatumbukiza pamoja siku moja. Kwanza wavu katikati, tukibadilishana nyasi za kulalia wazoeane harufu. Kisha tukawakutanisha chumba cha wageni ambacho hakuna hata mmoja aliyekojoa, kwa sababu ukimleta mgeni ndani ya himaya ya jike atamchana. Siku ya kwanza walipeana migongo. Ya nne Baki akainamisha kichwa, dume akamlamba paji la uso. Mke wangu akapiga kigelegele chumba cha wageni!

Mwana wa Jang'ombe
Posa imekubaliwa.

Mkwezi
Mie wangu yuko peke yake miaka minne na mzima. Mnawadekeza. Mwekee kioo, atajiona wawili.

Zamzam
Kioo! Nikikufungia wewe chumbani na kioo miaka minne utatoka unazungumza?

Mkwezi
Na kodi yangu ikilipwa? Nakubali.

Bi Chukwani
Narudi kwenye suala la dada. USIWACHANGANYE na simbilisi. Mie nilifanya hivyo. Tundu moja, walilala pamoja, nikapiga na picha. Sungura akistuka anarusha miguu ya nyuma, na ile miguu ni nyundo. Simbilisi mmoja alivunjika ubavu. Wa pili akaanza kukoroma na mafua. Daktari akasema sungura anaweza kubeba vijidudu puani visimdhuru yeye, lakini kwa simbilisi vikawa nimonia. Hata chakula si kimoja: simbilisi mwili wake hautengenezi vitamini C, kama sisi tu, sharti apate kwenye chakula kila siku. Wangu nawapa kipande cha pera au pilipili boga. Sungura hana haja hiyo, anajitengenezea.

Na kosa langu kubwa nililiandika ukutani: yule mwenye mafua nilimnywesha amoksilini ya mtoto iliyobaki kabatini. Inaua vijidudu vizuri vya tumboni, vibaya vinatawala. Alikufa siku ya tatu, si kwa mafua.

Simbilisi mwenzake ni simbilisi. Ila madume watoe kwa mama yao wakitimiza wiki tatu tu, ndiyo, wiki tatu, wanaanza mapema hao.

Fundi Redio
Uswisi tangu 2008 sheria hairuhusu kumfuga simbilisi mmoja pekee.

Mwana wa Jang'ombe
Mie nna miaka 34 nipo pekee, hakuna serikali iliyojali.

Zamzam
Kaka yangu yuko Uingereza anasema huko wanashauri sungura wawili wapate mita 3 kwa 2, na kimo cha mita 1, muda wote, si kutolewa nusu saa tu.

Mchuuzi wa Ng'ambo
Mita 3 kwa 2 ndicho chumba ninacholipia kodi, dada. Na tumo watatu.

Ghorofa ya Tano
Hapa usiige kila kitu cha huko, wao wanapigana na baridi sisi na joto. Bati ni jiko. Weka makuti, na kaskazi ikikaza, Januari hiyo, gandisha chupa ya maji uifunge kitambaa umuwekee alalie. Sungura hatoki jasho, masikio ndiyo feni yake. Ukiona anahema mdomo wazi, loweka masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na usisubiri.

Mzee wa Bububu
Na kunguru. Hakuna aliyetaja kunguru. Anachukua wachanga mchana kweupe.

Mkwezi
Na cheche, yule mnyama. Tukianza kuhesabu hatulali.

BintiFuoni
Nimewasoma wote, ahsanteni. Baba watoto kasema simbilisi haletwi, na fundi atakuja Jumapili apime ukuta wa uwani mpaka kwenye mpera. Makopo ya maziwa nshaanza kukusanya. Nauliza tu: nimemfungulia hapa jikoni anyooshe miguu, karuka mara mbili hewani kajipinda kama samaki, mtoto kacheka, kisha kaingia chini ya kabati la vyombo. Saa nzima hatoki. Namtoaje?

Mpemba wa Ole
Humtoi. Weka ukoka hapo chini, zima taa, kalaleni. Ila funga waya za friji kwanza.

Ghorofa ya Tano
Na kanzu ya mzee ianikwe kwengine.