Gemu ya tatu mkono unakataa: ni bega au nini?

Kinyoya_Chake:
Assalaam alaykum jamani. Nacheza badminton hapa Chake Chake. Gemu mbili za mwanzo nasimama na yeyote. Ikifika ya tatu, smeshi (yale mapigo ya nguvu ya kushusha chini) zote netini, na kinyoya, yaani kile tunachokipiga, nakiona kabisa kinakuja ila mguu hauondoki. Tunacheza ukumbi wa skuli, madirisha tunafunga upepo usichukue kinyoya, kwa hivyo ndani ni tanuri. Wenzangu wanasema ninyanyue vyuma nipate bega. Kweli ni bega?

MzeeWaRaketi:
Wa alaykum salaam. Bega unalisingizia, mwanangu. Smeshi yataka kinyoya kiwe juu na mbele yako. Ukichelewa hatua moja, unakikuta kimeshashuka, na hapo hata bega la mchukuzi wa bandari ya Mkoani litapiga neti.

Mtoto_wa_Wete:
Yakhe, asidi ya laktiki hiyo, ile inayojaa msulini ukikaza mchezo. Kunywa madafu.

BiFizio_Unguja:
Asidi hiyo inabebeshwa makosa ya wengine. Mzee kasema kweli, nami naongeza. Uchovu mmoja uko ndani ya msuli wenyewe: fosfeti (mabaki ya nishati iliyotumika) zinajaa, kalsiamu inayoufanya msuli ukaze inatoka haba, na akiba ya glaikojeni, sukari iliyowekwa msulini, inapungua. Mwengine unaanzia juu: ubongo na uti wa mgongo vinapunguza amri, msuli ungali na nguvu. Mwili ukipata joto sana huo wa pili unazidi, kwa hivyo ukumbi wenu nao una lake.

Jipime, kaka. Kabla ya mchezo paka chaki vidoleni, ruka, gusa ukuta. Rudia baada ya gemu ya pili. Alama ikishuka sana, miguu imekwisha. Haitakwambia ni msuli au ubongo, hilo hupimwa kwa kuusisimua mshipa wa fahamu kwa umeme, lakini kwa mchezaji yatosha.

Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu zaidi. Tia chumvi kidogo.

Kinyoya_Chake:
Ahsante bibie. Sasa mazoezi gani? Kila alfajiri nakimbia masafa marefu.

MzeeWaRaketi:
Kukimbia si kubaya, lakini mchezo huu ni sekunde chache za moto, kisha pumzi, kisha moto tena. Zunguka kona sita za uwanja (mbili mbele, mbili kati, mbili nyuma) bila kinyoya, sekunde 20 kazi, 20 pumziko, uanze upya. Na mapumziko usiyapoteze kwa kubishana na mwamuzi (nawajua vijana wa Chake). Mmoja wenu akifika pointi ya 11 una sekunde 60, baina ya gemu 120. Taulo la maji ya barafu shingoni, mafunda mawili ya maji ya sukari.

Kinyoya_Chake:
Tuna mechi Jumapili. Nianze kesho Ijumaa?

BiFizio_Unguja:
Kona sita zianze Jumatatu. Zile hatua ndefu za kujitupa mbele huumiza nyuzi za paja, na nguvu huchukua siku kadhaa kurudi. Kesho cheza kidogo tu, Jumamosi lala. Na muombeni mwalimu afungue madirisha baina ya gemu.