Mnaouza magnum zilizokufa koo kwa kutuonyesha mdomo wa mtutu, tumewachoka

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira, mtanisamehe lugha. Magnum ninazosema ni raifo za risasi zenye baruti nyingi kuliko za kawaida.

Kuanzia Iringa mpaka Chunya, raifo za mkono wa pili zinauzwa kwa mchezo uleule. Muuzaji anachukua risasi, anachomeka kichwa cha risasi hiyo kwenye mdomo wa mtutu, kinakwama mapema, anakutazama kwa majivuno: "Bosi, mtutu mpya kabisa huu." Mnunuzi anatikisa kichwa, analipa, anahangaika na taratibu za umiliki polisi, halafu akifika kitaluni bunduki inatawanya. Lawama zote zinaangukia risasi.

Kipimo hicho kinakuambia jambo moja tu: kama mdomo umesagwa na rodi za kusafishia. Magnum haifii mdomoni. Inafia kooni, zile sentimita chache mbele ya chemba (pale risasi inapokaa) ambapo matuta ya ndani ya mtutu yanaanzia. Hapo ndipo moto na mgandamizo wa gesi ni mkali kuliko kwingine kote. Uso wa chuma unapasuka vijiufa kama jaruba la Usangu lililokaushwa na kiangazi, kisha vipande vinameguka na matuta yanaliwa. Risasi inaruka pengo refu kabla ya kushikwa na inaweza kuingia ikiwa imeinama kidogo. Vile vijiufa navyo vinakwangua shaba, mtutu unachafuka upesi. Muda wote huo mdomo unang'aa kama siku ilipotoka kiwandani!

Ukitaka kujua ukweli, pima koo. Hakikisha bunduki haina risasi, funga bolti (komeo la chemba), ingiza rodi yenye ncha bapa kupitia mdomoni mpaka iguse uso wa bolti, tia alama kwenye rodi pale inapotokea mdomoni. Toa bolti. Chukua kichwa cha risasi kitupu, kisicho na ganda wala baruti (fundi mwenye kibali atakupatia), kisukume taratibu kwa penseli kutoka upande wa chemba mpaka kigome kwenye matuta. Kishikilie hapohapo, rudisha rodi mpaka iguse ncha yake, tia alama ya pili. Umbali kati ya alama mbili ndio urefu wa risasi inayogusa matuta. Linganisha na risasi nzima ya kiwandani yenye kichwa cha aina ileile. .300 Win Mag (Winchester Magnum) kwa kipimo cha kiwanda haizidi milimita 84.84, na .375 H&H (Holland & Holland) haizidi 91.44. Pengo likiwa la milimita kadhaa, uliza maswali. Ila msije mkamwonea mwenye magnum za Weatherby: zile zinatengenezwa na pengo refu makusudi, haimaanishi zimeisha. Muuzaji akikataa kupimiwa, rudisha pesa yako mfukoni.

Sasa uchaguzi wa risasi, maana nusu ya tatizo linaanzia hapa. Mtu anawinda swala pala, ngiri na pofu, anang'ang'ania .300 Win Mag kwa sababu jina lina "magnum". Hesabu ni nyepesi: .30-06, ambayo si magnum, inachoma baruti kama greni 55 (greni ni kipimo cha uzito, kama gramu 0.065), .300 Win Mag kama 70 au zaidi, na zote zinapita kwenye tundu lilelile la inchi .308. Hiyo ziada yote inapita kooni. Ndiyo maana .300 huanza kupoteza shabaha kati ya risasi 1,500 na 2,500 hivi, wakati .30-06 inaenda mbali zaidi. .375 H&H, ya tangu 1912, inachoma baruti inayokaribiana na ya .300, lakini eneo la tundu lake ni kubwa kwa karibu nusu nzima, hivyo koo linapumua. Kwa nyati kanuni zenyewe zinataka .375 kwenda juu, kwa hiyo wa nyati hana mjadala: kichwa cha greni 300, risasi ya kwanza ya kichwa laini kilichoundwa imara, zinazofuata za kichwa kigumu. Wa pala, ngiri na pofu, .30-06 ya kichwa cha greni 180 inawatosha, na mabega yatawashukuru.

Na nyie wa "kujaribu bunduki" shambani! Risasi 20 mfululizo, mtutu hadi haushikiki, halafu mnashangaa. Piga tatu, fungua bolti, subiri mpaka uweze kuushika mtutu kwa kiganja bila kukimbiza mkono. Hakuna mtutu wa magnum unaopona kwa kuunguzwa hivyo.

Usafi pia ni aibu. Waya wa chuma na steelwool kupitia mdomoni! Safisha kutoka chembani, rodi nzima isiyo ya kuunga vipande, brashi ya shaba. Mufindi na Tukuyu, kwa ukungu ule, usilaze bunduki kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi inashika unyevu. Paka mafuta kidogo, na uyafute kwa kitambaa kikavu kabla ya kufyatua.

NYONGEZA, kwa aliyeuliza kama kutawanya ni lazima iwe koo: hapana mkuu. Anza na skrubu za darubini na zile zinazoshika mtutu kwenye mti wa bunduki. Kisha toa shaba: paka dawa, subiri dakika 15, piga brashi ya nailoni, rudia mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya bluu au kijani. Ndipo upige makundi matatu ya risasi tatutatu mita 100, ukipoza kila kundi. Ikitawanya bado, pima koo; likiwa limekwenda, dawa ni mtutu mpya kwa fundi bunduki mwenye geji za kupimia chemba, si kwa mchonga vyuma wa pampu na shafti.

Na aliyeuziwa "risasi za mia tatu" bila kuambiwa mia tatu ipi: soma kitako cha ganda. Ya .300 Win Mag inaingia kwenye chemba ya .300 Weatherby, ambayo ganda lake ni refu kwa milimita 5, na hapo ganda linaweza kupasuka karibu na uso wako. Zirudishe dukani kesho asubuhi.